Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu vidonda vya tumbo, na yule daktari aliyekunywa bakteria

Assalaam aleikum, na wengine habari zenu. Mie nauza dawa famasi moja huku Kisauni, Mombasa, mwaka wa kumi na moja huu, na katika yote nnayoulizwa pale kaunta hakuna linalonijia mara nyingi kama la vidonda vya tumbo, au alsa kama wengi wanavyosema. Auliza wa bodaboda, auliza mwalimu, auliza bibi aliyetumwa na mumewe dawa ya gesi. Nimejibu mpaka nikaona bora niandike mara moja niwe namtumia mtu asome kwa nafasi yake. Nimeandika vile naongea, mnivumilie. Na nimemtia daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, manake bila kujua alichofanya huyo bwana hutaelewa kwa nini siku hizi nakwambia nenda kapime badala ya kukuuzia chupa nyingine ya ile dawa nyeupe ya kutuliza asidi.

Kwani vidonda vya tumbo si vinaletwa na mawazo na pilipili?

La. Najua ndivyo ulivyoambiwa, na mie niliambiwa hivyo hivyo, na hata madaktari wenyewe miaka na miaka walikuwa wakifundishwa hivyo: mtu ana mawazo mengi, tumbo lamwaga asidi, asidi yamtoboa. Lakini vidonda vingi vya tumbo vina sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni bakteria, jina lake Helicobacter pylori, ndiye huyo mwaona kwenye karatasi ya maabara kimeandikwa H. pylori. Ya pili ni dawa za maumivu, zile diklofenaki na ibuprofeni na aspirini ambazo watu wazimeza kama njugu kwa mgongo na magoti.

Pilipili yaweza kukuchoma kidonda kikishakuwepo. Ni kama umeingia baharini na mguu uliokatwa na matumbawe, maji ya chumvi yatakuchoma mpaka upige kelele, lakini maji siyo yaliyokukata.

Huyo Barry Marshall ni nani haswa?

Ni daktari wa tumbo na matumbo, amezaliwa 1951 Kalgoorlie, mji wa machimbo ya dhahabu kule Australia Magharibi, mamake alikuwa nesi. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Australia Magharibi. Mwaka 1981 alikuwa bado ni daktari kijana anayejifunza pale Royal Perth Hospital, akapitia idara ya tumbo, na alitakiwa afanye utafiti mdogo wa kumalizia zamu yake. Mkubwa wake akamwelekeza kwa Robin Warren.

Warren alikuwa daktari wa maabara, kazi yake kutazama kwa darubini vipande vidogo vya nyama vilivyotolewa ndani ya matumbo ya wagonjwa. Tangu 1979 alikuwa akiona vijidudu vimejipinda-pinda juu ya ukuta wa tumbo, na kila anapoviona panakuwa pamevimba. Akiwaambia wenzake wamtazama tu. Alikuwa na orodha ya wagonjwa ambao matumbo yao yana vijidudu hivyo, akataka mtu wa kwenda kuwafuatilia ajue wanaumwa nini. Marshall kuitazama ile orodha akamwona mama mmoja aliyekuwa amemhudumia yeye mwenyewe wodini, mama analalamika tumbo na kichefuchefu na hakuna aliyepata ugonjwa wake. Hapo ndipo akashika.

Mimi hili nalipenda sana, kwamba hakuanza na nadharia kubwa, alianza na mgonjwa mmoja aliyekuwa amekosa jibu.

Lakini tumbo si lina asidi kali? Bakteria aishi vipi mle ndani?

Hilo ndilo swali lililowafunga watu macho kwa muda mrefu. Kila mtu alijua tumbo lina asidi, kwa hivyo kila mtu alijua hakuna kitu kinaishi mle, basi hakuna haja ya kutafuta. Mwaka 1954 Mmarekani mmoja, Eddy Palmer, alipima vipande vya tumbo vya watu zaidi ya 1,000 akasema hajaona bakteria wowote, na neno lake likakubaliwa. Kumbe rangi aliyotumia maabara haikuwa ya kuwaonyesha vizuri. Warren alitumia rangi ya fedha na wakajitokeza.

Huyu bakteria ana ujanja wake. Ana kimeng'enya kinachovunja yurea, na yurea ikivunjika yatoka amonia, na amonia yaua nguvu ya asidi pale pale alipo. Yaani ajitengenezea kijiwingu chake cha usalama. Halafu ajichimbia kwenye ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, ana vijimkia vya kuogelea, akishafika pale asidi haimpati tena, na ukuta wako ndio unaoanza kuvimba.

Walimpataje maabara?

Marshall na Warren walikubaliana wachukue wagonjwa 100 wanaokuja kupigwa kamera ya tumbo, mwaka 1982. Kila mgonjwa wachukua kijipande, wakiweka kwenye sahani ya maabara wajaribu kukuza bakteria. Hakuna. Wa kwanza hakuna, wa kumi hakuna, wa thelathini hakuna. Utaratibu wa maabara ulikuwa sahani ikikaa siku mbili bila kitu yatupwa. Sasa ikaja Pasaka, na hospitali ilikuwa na shughuli nyingi ya bakteria mwingine sugu, basi sahani za mgonjwa wa 35 zikasahaulika ndani ya mashine siku tano sita. Waliporudi baada ya sikukuu wakakuta ameota!

Kumbe kila siku walikuwa wanamtupa kabla hajafika. Akua polepole, ndivyo alivyo.

Kwenye ule utafiti, wagonjwa 13 walikuwa na vidonda vya sehemu ya mwanzo ya utumbo, pale chakula kinapotoka tumboni, na wote 13 walikuwa na bakteria. Wote. Utafiti ukatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1984.

Ni kweli alimkunywa huyo bakteria?

Ni kweli, na nitaeleza kirefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapoongeza chumvi.

Baada ya 1982 tatizo likawa hili, watu wakamwambia sawa bakteria tumewaona, lakini wewe wajuaje kuwa ndiye anayeleta ugonjwa? Pengine mtu akishakuwa na kidonda ndipo bakteria anakuja kujipatia makao. Swali la haki kabisa. Kuna kanuni ya zamani ya udaktari: ukitaka kuthibitisha kijidudu chaleta ugonjwa, mtoe kwa mgonjwa, mkuze, mtie kwa asiyeumwa, uone kama ataumwa, halafu umtoe tena kwa huyo. Marshall alijaribu kwa watoto wa nguruwe, wakakataa kuugua. Hakuna mnyama aliyekubali.

Basi mwaka 1984, akiwa na miaka 32 na sasa yuko Fremantle Hospital, akapigwa kamera kwanza ionekane tumbo lake ni zima, akachukua bakteria wa mgonjwa ambaye tayari alishahakikisha kwamba dawa inawaua, akawakoroga kwenye supu, akanywa. Hakumwambia mkewe. Siku chache akaanza kuwa tumbo limejaa hata kwa chakula kidogo, kama siku ya tano akaanza kutapika asubuhi, pumzi ikawa yanuka nyumba nzima wakaona. Siku ya kumi kamera ikarudi ndani, wakakuta bakteria wamejaa na ukuta wa tumbo uliokuwa mzuri umevimba. Mkewe, Adrienne, alipoambiwa ukweli alitaka aanze dawa mara moja, na ana watoto nyumbani ungefanyaje wewe. Kufika wiki mbili akawa ameanza antibayotiki. Ripoti ikachapishwa 1985 kwenye jarida la madaktari wa Australia.

Sasa pale watu wanapoongeza chumvi: hakupata kidonda. Alipata mwasho na uvimbe wa ukuta wa tumbo, ugonjwa ambao ndio mlango wa kidonda. Kidonda chataka muda. Alichothibitisha ni kwamba tumbo zima likiingizwa bakteria huyu laugua, na hicho ndicho kilikuwa kiungo kilichokosekana.

Na tafadhali tena tafadhali, mtu asijaribu kujipima mambo yake hivyo. Yeye alikuwa na kamera, na maabara, na dawa iliyojaribiwa kwa bakteria wale wale.

Kwa nini walimkatalia muda wote huo?

Mwaka 1983 alipeleka muhtasari wa kazi yake kwa chama cha madaktari wa tumbo wa nchi yake mwenyewe ili aseme mkutanoni, wakamrudishia, haikupata nafasi. Mwaka huo huo akaenda Brussels kwenye mkutano wa watu wa bakteria, na wale walimsikiliza. Si ajabu, wale kazi yao ni vijidudu, hawakuwa wameapa kwamba ugonjwa huu ni wa asidi.

Kuna na upande wa biashara. Mwaka 1976 Uingereza walianza kuuziwa Tagamet, dawa ya kupunguza asidi, na kusema kweli ilikuwa dawa nzuri mno, watu waliokuwa wakikatwa tumbo meza ya upasuaji wakawa wapona kwa kidonge. Mtu aliyeongoza kazi hiyo, James Black, alipata Nobel 1988 na aliistahili. Lakini ukiacha dawa kidonda charudi, kwa hivyo mgonjwa anunua mwaka hadi mwaka. Ukija wewe kijana kutoka Perth useme wiki mbili za antibayotiki zatosha, utapendwa na nani?

Na hakuwa wa kwanza kuonja hayo. Kule Ugiriki, mji wa Missolonghi, daktari wa kawaida John Lykoudis alianza kutibu vidonda kwa antibayotiki tangu 1958, watu wakaja kutoka mbali, na wakubwa wakampiga faini mwaka 1968. Alikufa 1980. Huyu nikimkumbuka roho yaniuma kila mara, mtu alikuwa na dawa mkononi na hakuwa na Warren wa kumwonyesha darubini.

Basi alichobadilisha hasa ni nini?

Mwaka 1988 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wa vidonda mwaka mzima, nusu ya elimu yangu ya kaunta imo mle. Waliobaki na bakteria, 61 kwa kila 100 walipona, na kwa hao waliopona 84 kwa kila 100 vidonda vikarudi. Walioondolewa bakteria walipona 92 kwa kila 100, na vilivyorudi ni 21 tu. Soma tena hizo namba. Ndiyo tofauti ya kukausha maji sakafuni na kufunga mfereji.

Mwaka 1994 jopo la taasisi ya taifa ya afya Marekani likasema rasmi kwamba mwenye kidonda na bakteria huyu apewe antibayotiki, na mwaka huo huo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likamweka bakteria huyu kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Mwaka 2005 Marshall na Warren wakapewa tuzo ya Nobel ya tiba.

Sasa mie nikupe ya nyumbani. Mamangu alikuwa akipika mahamri na mbaazi Majengo, aamka saa tisa usiku, na tangu niko darasa la tano namjua kwa kushika tumbo. Usiku lamkata, akila kipande cha mkate lanyamaza, alfajiri laanza tena. Kliniki tuliyokuwa tukienda walimwambia ni fikra, kwa vile babangu alikuwa amefariki, basi awache kufikiri. Mtu ana watoto wanne aache kufikiri! Akaambiwa na pilipili aache, na achari aache, na kahawa aache. Akaacha vyote, akakonda, akawa ala chakula kama cha mgonjwa wodini miaka tisa. Mpaka nilipokuwa chuoni nasomea dawa ndipo mwalimu akatufundisha Marshall, na nakumbuka niliacha kuandika nikawa namtazama tu. Nikamchukua mama akapimwa, bakteria yumo, akapewa dawa wiki mbili. Miaka kumi na miwili imepita. Ala achari ya embe na mihogo ya kukaanga yenye pilipili kama sie wengine. Aliniomba nimwandikie jina la huyo daktari kwenye kikaratasi, na mpaka leo kimo ndani ya msahafu wake, amwombea.

Nikisema hili jambo lanigusa ndiyo sababu.

Mimi bakteria huyu nimemtoa wapi?

Mara nyingi nyumbani, utotoni. Apita kwa mate, kwa matapishi, kwa choo kilichogusa maji au mikono. Familia moja mara nyingi wanaye wengi. Kama nusu ya watu duniani wanaye, na kwetu Afrika ni wengi zaidi. Kwa hivyo asije mtu akamshuku mumewe kwa karatasi ya H. pylori, nimeshaamua ugomvi wa aina hiyo mara mbili pale kaunta. Si ugonjwa wa aibu.

La kushangaza, mwaka 2007 wanasayansi walilinganisha jeni za bakteria hawa kutoka pembe zote za dunia wakaona kwamba alisafiri na binadamu, na safari yake yaonekana ilianzia huku huku Afrika Mashariki kama miaka 58,000 iliyopita. Yaani mababu walipoondoka waliondoka naye tumboni.

Kinga yake ni kuosha mikono kwa sabuni, maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na kuacha ule mtindo wa kumtafunia mtoto chakula ndipo umpe. Kula sinia moja sikatazi, oshaneni mikono tu.

Nipimwe vipi? Nimeona kipimo cha damu ni rahisi.

Rahisi ndiyo, lakini cha damu chatazama kinga za mwili, na kinga zabaki hata bakteria akishakufa zamani. Mtu aweza kutibiwa akapona na damu ikaendelea kusema anaye. Nimeona watu wamemeza dozi tatu kwa sababu ya karatasi kama hiyo. Bora choo, kile kipimo kinachotafuta bakteria mwenyewe, au cha pumzi kama kipo karibu nawe: wanywa yurea iliyotiwa alama, ukiwa na bakteria ataivunja na alama itatoka kwenye pumzi unayopuliza. Ni ule ule ujanja wake wa amonia umegeuzwa kumshika. Na kamera ndiyo yaonyesha kidonda chenyewe, na yachukua kijipande.

Jambo moja ambalo watu hawaambiwi: kama unameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, au ndugu zake, mwambie daktari, kwa kawaida zaachwa wiki mbili kabla ya kupima, na antibayotiki ya aina yoyote wiki nne. La sivyo bakteria ajificha, karatasi yasema huna, nawe unaye.

Kamera inauma?

Yakera kuliko kuuma. Wapuliziwa ganzi kooni, wengine wapewa sindano ya usingizi mwepesi, na yenyewe ni dakika chache. Usile tangu usiku. Mpira ule wa kamera zamani ulikuwa chuma kisichopinda, tushukuru tumezaliwa baadaye.

Dawa ni zipi, na kwa nini wanikatalia bila karatasi ya daktari?

Nakukatalia kwa sababu ni antibayotiki, na kwa sababu sijui kama unaye. Kwa kawaida ni omeprazoli au mwenzake wa kupunguza asidi, pamoja na antibayotiki mbili, mara nyingi amoksilini na klarithromaisini, asubuhi na jioni. Kama mwili wako haukubali penisilini SEMA MAPEMA, kuna njia nyingine. Kuna na dozi ya dawa nne yenye bismathi, hiyo madaktari wengi siku hizi waipendelea zaidi kwa sababu bakteria wameanza kuizoea klarithromaisini. Siku 14 ndizo zinazopendelewa.

Klarithromaisini itakupa uchungu mdomoni kama umelamba senti. Bismathi itafanya choo kiwe cheusi na ulimi pia, hilo si damu usikimbie. Metronidazoli, antibayotiki inayotiwa kwenye hiyo dozi ya dawa nne, usichanganye na pombe.

Na umalize. Wengi siku ya tano tumbo limetulia, vidonge vyaenda kwenye droo "vya akiba". Bakteria waliobaki ndio waliokuwa wagumu kufa, nao ndio watakaozaana. Mara ya pili dawa ile ile haitakusikia. Ukishamaliza ngoja wiki nne au zaidi ndipo upime tena, na hicho kipimo cha pili usikiruke hata kama wajisikia mzima.

Ramadhani je, nifunge?

Kama una kidonda kibichi, au umetapika damu karibuni, muone daktari kabla mwezi haujaandama, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Kama uko kwenye dozi ya mara mbili kwa siku, daku na futari zaikubali vizuri, kuna wateja wangu wamemaliza dozi hivyo hivyo. Ile ya dawa nne yamezwa mara nne kwa siku, hiyo na saumu haziendi pamoja, ni ama uahirishe dawa kwa ushauri wa daktari ama uahirishe saumu. Na futari usianze na bajia na sambusa mfululizo, anza na tende na uji, mafuta yaje baadaye kidogo.

Maziwa yasaidia? Na kabichi, asali, mwarobaini?

Maziwa yatuliza kwa nusu saa, halafu tumbo lamwaga asidi zaidi ya mwanzo. Ushauri huo ni wa zamani, kule Chicago daktari Bertram Sippy mwaka 1915 alikuwa akiwanywesha wagonjwa maziwa na malai kila saa, dunia nzima ikafuata, na sisi bado twafuata. Asali na kabichi kula kama chakula, hamna shida. Lakini kukuponya bakteria aliyejichimbia, sitakudanganya ili niuze au nisiuze.

Sigara ndiyo ya kuacha, yachelewesha kidonda kufunga. Muguka nao, mtu akitafuna hali chakula, avuta moja juu ya nyingine, tumbo lapata kazi pande zote.

Nimepimwa ninaye lakini siumwi. Nitibiwe?

Wengi walio naye hawaumwi maisha yao yote, na wanaofikia saratani ya tumbo ni wachache, baina ya mmoja na watatu kwa kila 100. Lakini kama kwenu kuna aliyekufa kwa saratani ya tumbo, au umewahi kuwa na kidonda, au daktari ataka uanze aspirini ya kila siku ya moyo, hapo kutibiwa kuna maana kubwa. Ongea naye.

Dalili gani nisingoje hata siku moja?

Choo cheusi kama lami chenye kunata na harufu mbaya, na humezi bismathi wala vidonge vya kuongeza damu. Kutapika damu, au kitu kama machicha ya kahawa. Maumivu ya ghafla kama kisu na tumbo limekuwa gumu. Chakula kukwama ukimeza. Kukonda bila kupanga. Kizunguzungu na weupe wa macho na viganja.

Kuna baba mmoja alikuwa akinunua kwangu ile dawa nyeupe kila wiki, miezi, na mie namuuzia. Siku moja akaja mwanawe mbio, baba atapika damu, wakampeleka hospitali kuu ya Makadara, akaongezewa damu, alhamdulillah yuko hai. Alikuwa akimeza diklofenaki za mgongo kila siku na sikuwahi kumuuliza. Tangu hapo kila anayerudi mara ya tatu na tumbo namuuliza wameza nini kingine, hata kama kuna foleni mpaka barabarani.

Daktari wa tumbo ni lazima?

Si mara zote. Daktari wa kawaida kituo cha afya aweza kukupima na kukupa dozi. Wa tumbo wahitajika ukiwa na zile dalili za juu, au umeanza kuumwa umri umeshaenda, au dozi mbili zimeshindwa. Hao kwetu ni wachache, na wengi wao wako Nairobi, hapa waanza kwa rufaa hospitali kuu ya Makadara au za binafsi. Kazi yao si kidonda peke yake, ni ini, nyongo, kongosho, utumbo mpana, na homa ya ini ya muda mrefu.

Mwanangu ataka kuwa daktari kama huyo, asome nini?

Maashallah. Baolojia na kemia ashike sana sekondari, halafu shahada ya udaktari miaka sita, mwaka mmoja wa mazoezi hospitali, halafu asomee magonjwa ya ndani, na juu yake ndiyo aongeze ya tumbo. Ni safari ndefu. Lakini mwambie Marshall aliona alichoona wakati bado yuko mafunzoni, hajapata ubingwa wowote.

Wako hai bado?

Warren alifariki Julai 2024, ana miaka 87. Marshall baada ya miaka kama kumi Chuo Kikuu cha Virginia kule Marekani alirudi Perth, akaendelea na bakteria wake.

Naweza kuja kuuliza bila kununua kitu?

Njoo. Asubuhi kabla ya saa nne hakuna watu. Beba pakiti zote za dawa unazomeza, hata za presha, hata ulizopewa na jirani, na karatasi ya maabara kama unayo, ile yenyewe, usinipigie picha nusu.